Unyayo Kwenye Sinia

Siku Shekiondo alipoteleza na kufa akiwa likizoni, akitembea kwa miguu milimani Usambara, walinzi wa hifadhi walimletea mkewe Namweta maiti na mzigo. Sheria ilikataza mtalii kuacha alama yoyote mlimani, basi walikuwa wameokota maganda ya machungwa, kifungo cha shati na hata unyayo wake wa mwisho, tope limekatwa zima na kupakiwa kwenye sinia.

Namweta aliuficha unyayo uvunguni. Siku ya kuondoa matanga, wifi yake akafagia nyumba nzima, kama ilivyo desturi.

“Wifi, sinia la uvunguni liko wapi?”

“Nimelisugua. Uchafu ule, wifi, na wageni wamejaa!”

Namweta aliketi sakafuni. Uani, wageni walikuwa wakila pilau kwenye sinia lile.