Nguo ya Asubuhi

Mwanaidi alisimama mbele ya meza ya polisi, kikapu cha sokoni bado mkononi. Salha, binti yake wa miaka minne, alikuwa amempotea sokoni tangu saa nne.

"Alivaa nguo gani?" aliuliza Sajini Nyamizi.

Mwanaidi alifumba macho, akaitafuta nguo ile kichwani, asiipate. Yeye mwenyewe ndiye aliyemvisha asubuhi ile. Machozi yakamlengalenga. "Mama gani mimi, nisiyekumbuka?"

"Hofu imekufunga akili, dada," alisema sajini, akaweka kalamu chini. "Usiniambie rangi. Nionyeshe tu ulivyomvisha."

Mwanaidi alipiga magoti sakafuni. Mikono yake ikapitisha hewani nguo isiyoonekana, ikamgeuza mtoto asiyekuwapo, ikaanza kufunga vifungo vya mgongoni. Kwenye cha tatu vidole vilisita.

"Hapa niliweka pini," alinong'ona. "Kifungo kilikatika. Gauni la njano, aliloshonewa na shangazi yake."

Sajini aliandika upesi, akampa karatasi askari aliyekuwa mlangoni. Pikipiki ikanguruma, ikaondoka.

Mwanaidi hakuinuka. Alimalizia kifungo cha nne, kisha akanyoosha kola, taratibu, kama mtu asiyetaka mtoto atoke nje.