Kiti cha Shebwana

Nyumba iliyoingizwa kwenye makumbusho ya mtandaoni hairuhusiwi kutofautiana na nakala yake. Bi Mwanakombo alishazoea. Kila Jumatatu mkaguzi, binti mpole, huja na tableti kuhakikisha mtungi uko pale pale, mbuzi ya nazi iko pale pale, hata ufa wa ukutani haujaongezeka.

Safari hii alisimama mbele ya kiti kitupu.

"Mama, kwenye nakala kuna mzee hapa, anapewa kahawa."

"Huyo ni mume wangu Shebwana, mwanangu. Nimemzika juzijuzi. Huoni niko eda?"

"Pole sana, mama. Lakini ndiye wageni wanayempenda." Akaandika.

Jumatatu iliyofuata ilipigwa hodi, na Bi Mwanakombo akaitikia karibu kwa mazoea. Akaingia mwanamume asiyemjua, amevaa kanzu na kofia kama za marehemu. Akavua makubadhi palepale alipokuwa akiyavua Shebwana, akaketi, akanyoosha mkono.

Bi Mwanakombo alitaka kumfukuza. Lakini dele la kahawa lilikuwa tayari mkononi mwake, na kikombe kilishajaa.

Nyuma ya mgeni, mkaguzi aliinua macho kutoka kwenye tableti.

"Sogea kushoto kidogo, mama. Na utabasamu. Kule unatabasamu."