Bia Iliyofunguliwa

Bia yangu ililetwa ikiwa imeshafunguliwa.

Kwetu Kamembe chupa ya mtu hufunguliwa mbele ya macho yake, hata kwenye harusi ya ndugu. Niliutazama mdomo wa chupa. Povu lilikuwa limeshakauka pembeni.

"Papa mumoja amekutumia, Mzee," mhudumu alisema. "Alishaenda."

Miaka kumi na moja nilikuwa kocha wa timu yetu. Wenye timu waliuza mechi, nikanyamaza, nao wakanijengea nyumba Gihundwe. Leo nilikuja kuyasema hadharani, kwenye simu ya mwandishi wa michezo aliyekaa mbele yangu. Mahali tulipokutana sikumwambia hata mke wangu.

"Nani mwingine anajua kama niko huku?" nilimuuliza.

"Hakuna muntu, Coach. Kunywa kwanza, tunaingia direct sasa hivi."

"Basi onja wewe."

Kuonja si matusi. Mwenye kukualika ndiye huanza. Alicheka. Akaishika chupa, akaizungusha taratibu, akairudisha mezani.

"Tumbo inanisumbua, Coach."

Mpaka hapo nilikuwa bado nasita. Ile nyumba, wajukuu wangu wanalala ndani yake.

Alama nyekundu ikawaka kwenye simu: tuko hewani, na watu mia nne walikuwa wameshaanza kututazama. Nikaisogeza chupa mbele ya kamera.

"Ni mimi Védaste," nikasema. "Batu bote munaniona? Mbele ya kusema mambo ya benye timu, huyu journaliste wetu ataonja hii bia."