Povu la Kwapani

Hivi wewe unajua tundu dogo kwenye suti ya kuzamia hutafutwaje? Unaziba shingo kwa kopo na mikono kwa chupa, unaijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, halafu unaipaka povu la sabuni taratibu. Panapovuja, povu huchemka.

Kila nyumba hapa kwetu hutoa mtu mmoja wa kulima chini ya ziwa, kwenye baridi kali. Isiyotoa hukatiwa chakula. Kwangu alikuwa akienda binti yangu, mpaka suti ikatoboka huko chini, ikaingiza maji, akatolewa amekufa kwa baridi. Kesho ni zamu ya mwanawe, Atupele.

Povu likachemka kwapani. Nikapakausha, nikabandika kiraka kwa ndani. Nikaenda jikoni kungoja gundi ishike, nikarudi, nikapaka povu tena. Likachemka pembeni ya kiraka.

"Mke mwenzangu, suti hii leo inanichezea," nikamtania Atupele.

"Si uiache, Bibi."

"Niiache uingiwe na maji kama mama yako?"

Nikabandika kingine, kikubwa, nikakaa papo hapo mpaka gundi ikashika. Safari hii povu likatulia. Atupele akalitazama, machozi yakamtoka.

"Nilikuwa natoboa mimi, ukienda jikoni," akasema. "Suti inayovuja wasimamizi hawaipokei. Bora tufe njaa wote wawili, Bibi. Mimi sitaki kwenda."