Tatizo la Saizi ya Kati

"La kukoroma hapana," alisema mume, akikoroga chai yake. "Limechakaa. Tukienda na hilo tutachekwa."

Walikuwa watatu kwenye meza ya pembeni, katika mgahawa uliotazamana na ofisi ya Chama cha Washauri wa Familia: mshauri, mume na mama mkwe. Walikuwa wanatafuta tatizo. Lisiwe kubwa mno, wakaanza kuchimbwa mambo ya ndani, wala lisiwe dogo mno, wakaonekana wamekuja kupoteza muda wa watu. Walitaka la saizi ya kati, la kuanza na kwisha ndani ya saa moja.

Sheria ya chama ndiyo iliyowafikisha hapo. Mshauri wa familia hapewi uanachama kamili mpaka na yeye aketi kwenye kiti cha mteja, pamoja na watu wake wa nyumbani, aonje dawa anayowanywesha wengine. Sheria nzuri, ukiisoma tu. Mshauri alikuwa ameipiga danadana mpaka maji yakamfika shingoni. Hospitali anakofanya kazi ilimpa mpaka leo. Bila muhuri wa chama, chumba kipya cha ushauri kingekwenda kwa mwingine, na yeye angebaki pale pale mapokezi, akipanga miadi ya wenzake, kazi aliyokuwa ameichoka mpaka basi.

"Tuseme mimi nafungulia redio alfajiri," alisema mama mkwe. "Sauti juu. Mkwe anaudhika, lakini ananyamaza kwa heshima."

"Na mimi?" aliuliza mume.

"Wewe uko katikati. Hutaki mama akasirike, hutaki mke anune. Unajifanya umelala."

"Hilo naliweza."

Mshauri alicheka. Tatizo lilikuwa zuri. Lilikuwa na heshima ndani yake, lilikuwa na kinyongo, na halikuvunja nyumba ya mtu. Akaanza kuwaelekeza wapi pa kukatizana maneno na wapi pa kuguna. Mume alikuwa mwepesi wa kushika. Mama mkwe alikuwa mwepesi zaidi, hata akaanza kumsahihisha mwenye shughuli.

"Hapo usilie mapema, mwanangu. Ukimaliza machozi mwanzoni, mwishoni utafanya nini?"

Muda ulipofika, mume alitoa pete mfukoni akaivaa. Mama mkwe akamalizia chai yake, wakavuka barabara. Ngazi mama mkwe alizipanda vizuri tu, tena akiwatangulia. Walipoufikia mlango, akaanza kuchechemea.

"Mama!" mshauri alinong'ona.

"Mwache," alisema mume. "Anajua anachofanya."

Ndani walimkuta mzee mwenye muhuri, yule anayewapokea wanachama wapya. Alikuwa amevaa sweta lililotoboka kiwiko, macho yake nusu yamefumbwa, ungedhani amekuja pale kusinzia. Viti vilipangwa kwa duara, na katikati kulikuwa na meza fupi yenye boksi la tishu.

Redio ilikwenda vizuri. Mama mkwe aliitetea, mshauri akaguna, mume akajikuna kichwa mahali alipopaswa kujikuna. Mzee aliuliza maswali mawili matatu, nayo majibu yakawa tayari. Mshauri alianza kuuona mlango wa chumba chake kipya, na jina lake juu yake.

Kisha mama mkwe akatoka nje ya mstari.

"Lakini huyu binti, mzee wangu, anachoka," alisema. "Kutwa anasikiliza shida za watu. Akirudi jioni, hakuna hata wa kumuuliza kama amekula."

Hilo hawakuwa wamelipanga. Mshauri alifungua mdomo airudishe redio, mzee akamwahi.

"Ni kweli?" mzee alimuuliza. "Hakuna wa kukuuliza?"

Mshauri alimtazama mume. Mume alikuwa anatazama viatu vyake. Hapo machozi yakamtoka mshauri, wala si yale waliyoyafanyia mazoezi kwa adabu pale mgahawani. Haya yalikuja na kamasi na kwikwi, na aibu ikamshika kwa sababu hayakutaka kukoma. Mama mkwe alimvuta begani kwake akawa anampigapiga mgongo.

"Basi, mama. Basi. Umekula leo?"

Akatikisa kichwa, hajala.

Mume alichomoa tishu, akachomoa nyingine, akawa amezishika tu.

"Samahani, mzee," mshauri alisema hatimaye, akijifuta. "Tulikuwa kwenye redio."

"Redio nimeielewa."

Mzee alivuta droo, akatoa muhuri, akaupulizia. Hakuugonga. Aliwaangalia mmoja mmoja, taratibu, na macho yake sasa hayakuwa na usingizi hata kidogo. Mshauri aliona chumba kile kinamponyoka, na dawati la mapokezi lilikuwa linamwita kwa jina.

"Hayo machozi ni ya kweli," alisema mzee. "Kwa hayo tu, nagonga."

Akagonga.

Wakashukuru, wakasimama, wakaanza kuelekea mlangoni, mama mkwe mbele na kilema chake.

"Mama," mzee aliita. "Safari iliyopita ulichechemea mguu wa kulia."

Mama mkwe alisimama pale pale, mguu wa kushoto juu.

Mzee akamgeukia mshauri, akampa mkono. "Karibu sana chamani, binti. Usikose mkutano mkuu, ukutane na wake wenzako. Huyu bwana ameshaoa nusu ya chama."