Maji Yakijaa

Asubuhi ya pili ya mapumziko yao katika mji mdogo wa pwani ya Ufaransa, Mwanakombo na mumewe Shaibu walivuka kwa miguu hadi kisiwani, kwa njia ya mawe inayoonekana maji yakipwa. Walikuja huku ili wapendane upya, lakini hata kahawa waliinywa wakizozana.

“Maji yanaanza kujaa,” Mwanakombo alisema. “Turudi.”

Shaibu akakaa juu ya mwamba. “Siondoki mpaka uniombe radhi.”

“Nikuombe radhi kwa lipi? Si wewe uliyenitukana jana mbele ya watu?”

“Basi nenda. Tuone utafika wapi bila mimi.”

Mwanakombo akavua viatu, akaenda. Katikati ya njia maji yalimfika magotini, baridi ikamuuma hadi mifupani, lakini hakugeuka. Alipofika ufukweni, njia ilikuwa imekwisha kumezwa. Shaibu angebaki kule mpaka jioni.

Mhudumu wa mgahawa akamuuliza, “Meza ya watu wangapi?”

“Mmoja.”

Akaketi akiielekea bahari. Kule kisiwani Shaibu alikuwa amesimama, akipunga mikono yote miwili na kupiga kelele, na upepo ukiipeleka sauti yake upande mwingine.