Ini la Sangara

Ini lililetwa peke yake juu ya sinia, likielea katika mafuta yake. Katika nyumba ile, ini la sangara mkubwa kuliko wote lilikuwa haki ya mke mjamzito, naye alilishwa na mama mkwe mbele ya ukoo mzima.

Bi Kabula akamega kipande. "Fungua kinywa, mwanangu."

Nyanjige hakufungua. "Mama, daktari amenikataza. Kile kiwanda cha ufukweni kimefungwa, lakini sumu yake bado imo ziwani. Dagaa huimeza kidogo tu. Sangara hula dagaa maisha yake yote, na sumu yao yote hujikusanya katika ini lake. Ndiyo iliyomlegeza shingo mwanangu wa kwanza. Nipeni dagaa."

Mawifi wakaangua kicheko. "Dagaa? Umekuwa paka, wifi?"

"Dagaa ni chakula cha watumishi," alisema baba mkwe, Mzee Masunga.

"Na watoto wao wanakimbia, baba."

Kicheko kikakatika. Nyanjige akamtazama mumewe. Mumewe akaendelea kuchambua miiba.

"Anayekataa ini la nyumba hii atarudi kwao leo," alisema mzee bila kupandisha sauti. "Mtoto wetu yule wa kwanza, hata akiwa hivyo alivyo, atabaki hapa."

Nyanjige akafungua kinywa.

Bi Kabula akamlisha taratibu, kwa mapenzi ya kweli, akampangusa mafuta kidevuni kwa upindo wa kanga yake, huku mkono wake wa kulia ukimega kipande kingine, kikubwa zaidi.